Ordinatere mbili mu nyumba moja, lakini hazionane: tuanzie wapi?

Katuba, saa mbili ya usiku. SNEL imerudisha umeme na nyumba yote inakimbizana nao: mwenye kupiga pasi anapiga pasi, mwenye kuchaji telefone anachaji. Mu chumba cha mbele, kijana mumoja anamaliza TFC yake ku ordinatere ya mukononi. Emprimante iko kwa yaya yake, ku ordinatere kubwa ya mezani, metre tatu tu kutoka pale. Mashini zote mbili ziko ku Wi-Fi moja. Lakini kijana anapofungua “Réseau” ku ekrani yake, anaona jina la mashini yake peke.

— Yaya, mashini yako haionekani!

— Tafuta flashi, mudogo wangu. Ama ujitumie ku WhatsApp.

Njo vile inaishaka mu nyumba mingi. Flashi inatembea kutoka nyumba mpaka sekretaria, kutoka sekretaria mpaka chuo, na siku moja inarudi na virusi: dosye zote zimefichwa, zimebaki “raccourcis” tu, na ukibonyeza moja, virusi inaingia mu mashini yako. WhatsApp nayo inakula mega. Na siku flashi inapotea mu taxi, kazi ya miezi sita inapotea nayo.

Tunaeleza hapa namna ya kutafuta mahali shida iko, hatua kwa hatua. Tunazungumuzia Windows, sababu njo iko mu ordinatere mingi za hapa kwetu. Na majina ya mahali pa kubonyeza tunayaacha mu Kifaransa, vile utayasoma ku ekrani yako.

Kwanza: rezo ya nyumba haikule mega

Watu wengi wanaogopa jambo hili, kwa hiyo tuliseme mapema. Kuko tofauti kati ya intaneti na rezo ya nyumba. Ruta yako (watu wengi wanaiita modeme) inafanya kazi mbili. Ya kwanza ni kuunganisha nyumba na dunia: hapo njo forfe inakwisha. Ya pili ni kuunganisha mashini za nyumba, moja na ingine. Kazi hii ya pili inafanyikia ndani. Fishye inatoka ku mashini ya kwanza, inapita ku ruta, inaingia mu mashini ya pili. Haitoke inje hata kidogo.

Tufanye hesabu. Uko na video ya ndoa ya mega 700. Ukiituma ku WhatsApp, mega 700 zinapanda. Kisha mwenzako anaishusha, mega 700 zingine. Kama wote wawili muko ku forfe moja, ni mega 1400 zimekwenda kwa kusafirisha kitu kutoka chumba mpaka chumba. Mu rezo ya nyumba, video ile ile inapita bila kukata hata mega moja. Hata kama forfe imekwisha kabisa, ruta ikiwa na umeme tu, mashini zinaweza kuongea.

Mambo mane ya kuangalia

Waza kama unaenda kutembelea ndugu. Unahitaji mambo mane: barabara inayofika kwake, namba ya lupango, mulango ambao haukufungwa, na mutu wa ndani mwenye kukukubali. Ordinatere nazo ni vile. Shida inakuwa mahali pamoja kati ya hapo pane, na mashini yenyewe mara mingi ni nzima. Mutu anapoteza usiku muzima juu anaanzia ku neno la siri, kumbe barabara haiko.

Kwa hiyo ufuate mupango. Usipite ku hatua ya pili mbele ya kumaliza ya kwanza.

1. Barabara: muko kweli ku rezo moja?

Angalia jina la Wi-Fi ku mashini zote mbili. Yapaswa kuwa jina moja, herufi kwa herufi. Inatokea mara mingi kwamba moja iko ku ruta na ingine imebaki ku telefone ya mutu tangu jana, wakati umeme ulikuwa umekatika. Ku ekrani zote mbili utaona “Connecté”, na YouTube inafunguka, lakini ni barabara mbili tofauti.

Kama mashini moja iko ku kable na ingine ku Wi-Fi, si shida, mradi zote zimeshikwa ku ruta moja.

Uangalie pia kama Wi-Fi yako iko na sehemu ya wageni. Ruta mingi ziko na jina la pili, lenye “Guest” ama “Invité”. Sehemu ile inakupa intaneti, lakini inakataza mashini kuonana. Imetengenezwa makusudi, ili mugeni asiingie mu mambo ya mwenye nyumba. Ruta zingine ziko na kizuizi kama hiki hata ku Wi-Fi ya kawaida. Mu mapangilio yake kinaitwa “isolation”. Kikiwa kimewashwa, utahangaika mpaka asubuhi.

Na jambo ndogo ambalo hata mafundi wanasahau: mashini yenye kulala haijibu. Ordinatere ya mukononi, umeme ukikatika, inahamia ku batri na kulala upesi zaidi. Mbele ya kitu chochote, hakikisha mashini yenye dosye iko macho.

2. Namba ya lupango: kila mashini iko na adresi?

Mu nafasi ya kutafuta, andika cmd, kisha ufungue “Invite de commandes”. Dirisha jeusi litafunguka. Usiogope, hauharibu kitu. Andika ipconfig na upige Entrée. Tafuta musitari wa “Adresse IPv4”.

Kwa kawaida utaona namba kama 192.168.1.12. Fanya vile ku mashini ya pili. Kama moja iko 192.168.1.12 na ingine 192.168.1.15, ni vizuri: mara mingi sehemu tatu za kwanza zikifanana, ziko avenue moja. Kama moja iko 192.168.1.12 na ingine 192.168.43.20, haziko avenue moja. Rudia hatua ya kwanza.

Ukiona namba yenye kuanza na 169.254, maana yake mashini iliomba adresi ku ruta, haikupata jibu, na ikajipa namba yenyewe. Hapo kable imelegea, ama ruta imekwama. Zima ruta, ngoja kidogo, uiwashe, kisha uunganishe tena.

Sasa ujaribu kupiga hodi. Mu dirisha lile lile andika ping, acha nafasi, kisha adresi ya mashini ingine: ping 192.168.1.15. Ukipata “Réponse de…”, barabara iko na namba iko. Ukipata “Délai d’attente de la demande dépassé”, usiseme mbio kwamba rezo imekufa. Piga hodi kwanza ku ruta yenyewe, adresi yake iko ku musitari wa “Passerelle par défaut”. Kama ruta inajibu lakini mashini ingine haijibu, inawezekana iko pale lakini mulango wake umefungwa. Tutafika pale.

Hapa kuko jambo la delestaji. Ruta njo inagawa namba hizi, na inapozimika na kuwaka tena, inaweza kuzigawa upya. Mashini iliyokuwa 15 jana inaweza kuwa 18 leo. Njo sababu watu wanasema: “Jana ilikuwa inaenda, leo imekataa, na sikugusa kitu.” Kweli hukugusa kitu, umeme njo uligusa. Dawa yake ni kuita mashini kwa jina lake pahali pa namba. Andika hostname mu dirisha jeusi la mashini ile, utaona jina.

3. Mulango: Windows imekubali kuonekana?

Hapa njo shida nyingi zinalala. Kila mara unapoingia ku Wi-Fi mupya, Windows inajiuliza: hapa ni nyumbani ama ni sokoni? Kama iko sokoni, yaani “Réseau public”, inafunga milango yote na kujificha. Kama iko nyumbani, yaani “Réseau privé”, inakubali kuonekana. Windows 10 na 11 zinapendelea “Public”, juu njo yenye usalama. Basi, ukibadilisha ruta, hata kama nyumba ni ile ile, kwa Windows hiyo ni rezo mupya, na mara mingi itakuweka tena sokoni.

Fungua “Paramètres”, kisha “Réseau et Internet”, ingia mu mambo ya Wi-Fi yako, na pale penye aina ya rezo, chagua “Privé”. Fanya vile ku mashini zote mbili.

Kisha andika “partage avancés” mu nafasi ya kutafuta. Ku sehemu ya rezo ya “Privé”, washa vitu viwili: “Découverte de réseau”, ili mashini zionane, na “Partage de fichiers et d’imprimantes”, ili dosye na emprimante zifunguke.

Kama hata sasa jina halionekani mu “Réseau”, usikate tamaa: kutokuonekana ku liste hakumaanishe kutokufikika. Jaribu kwenda moja kwa moja. Fungua dosye yoyote, na ku musitari wa juu wenye adresi, andika misitari miwili yenye kuinama kushoto kisha jina ao namba: \\192.168.1.15. Watu wengi wanakwama ku musitari ule. Ku klavye ya Kifaransa, shika Alt Gr na upige 8. Ku klavye za kutoka Bulaya kwa Wabelgiji, ni Alt Gr na kibonyezo cha pembeni ya Shift ya kushoto. Na usiandike // ya intaneti. Ile ni ya kuinama upande mwingine, na itakupeleka ku site.

Ikifunguka kwa namba lakini haionekani ku liste, kazi yako imekwisha. Tengeneza “raccourci” na uendelee. Kama unataka jina lirudi ku liste, ku mashini ile fungua “Services”, tafuta “Publication des ressources de découverte de fonctions”, na uiweke “Automatique”.

Usizime pare-feu

Ukifika hapa na umechoka, kuko mutu atakuambia: “Zima pare-feu, itaenda.” Mara ingine inaenda kweli. Lakini umevunja ukuta wote wa lupango juu ya mulango mumoja uliokataa kufunguka. Ukichagua “Privé” na kuwasha “Partage”, Windows inafungua mulango ule mumoja tu, na ukuta unabaki.

Mufano uko wa kuonyesha juu ya nini tunakaza neno. Namna Windows inavyogawa fishye inaitwa SMB. Ile ya zamani, SMB 1, ilikuwa na tundu. Microsoft ilitoa dawa yake tarehe 14 Machi 2017. Wengi hawakuiweka. Tarehe 12 Mei 2017, virusi inayoitwa WannaCry ikapita mu tundu lile. Ilikuwa inaingia mu mashini moja, kisha yenyewe inatafuta zingine ndani ya rezo, bila mutu kubonyeza kitu. Ilifunga fishye za watu na kuomba pesa ili izifungue. Ordinatere zaidi ya 200 000 ziliguswa, mu inchi zaidi ya 150. Mu Uingereza hospitali zilisimamisha kazi, na mu Ufaransa Renault ilifunga viwanda kwa muda.

Tangu mwisho wa 2017, Windows 10 zenye kuwekwa upya hazina tena SMB 1. Kwa hiyo, kama uko na mashini ya zamani yenye Windows XP, haitaongea na zile mupya, sababu XP inajua SMB 1 peke. Mu intaneti utasoma: “Washa SMB 1.” Usikubali. Afadhali XP ibaki peke yake, na fishye zake uzitoe kwa flashi iliyopimwa. Windows 7 yenyewe inajua SMB ya pili, haihitaji ile ya zamani. Lakini Microsoft iliacha kuilinda tangu Januari 2020, kwa hiyo uigawie vitu kidogo.

4. Kukubaliwa: nani anaomba kuingia?

Mulango umefunguka, na sasa Windows inauliza jina na neno la siri. Watu wanaandika, inakataa. Wanaandika tena, inakataa. Sababu ziko tatu kubwa.

Ya kwanza: wanaandika jina na neno la siri la mashini wanayoikalia. Hapana. Unaingia kwa mwenzako, kwa hiyo inaomba jina na neno la siri la kule, ku mashini yenye dosye. Ili kujua jina la kweli la mutumiaji wa kule, andika whoami mu dirisha jeusi la mashini ile. Litakuja jina la mashini, kisha musitari, kisha jina la mutumiaji.

Ya pili: wanaandika PIN. Namba fupi ile unayopiga asubuhi ni ya kufungua mashini ile moja, ukiwa mbele yake. Mu rezo haifanye kazi. Inahitajika “mot de passe” yenyewe. Kama konti yako ni ya Microsoft, ni neno la siri la konti ile.

Ya tatu: mashini haina neno la siri hata kidogo. Mutu anafikiri itakuwa rahisi zaidi, kumbe Windows inakataza kuingia kupitia rezo kwa konti isiyo na neno la siri. Na mu toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka 2024, zile za Pro zinakataa pia kuunganika kama “mugeni” tu. Dawa nzuri ni moja: ku mashini yenye dosye, tengeneza konti ndogo ya pekee, kwa mufano “nyumba”, uipe neno la siri, na watu wote wa nyumba waingie kwa ile.

Baki jambo la mwisho. Umeingia, dosye unaiona, lakini ukiifungua inasema hauna ruhusa, ama unaweza kusoma bila kuandika. Ni juu kila dosye yenye kugawanywa iko na ulinzi mbili. Bonyeza dosye kwa upande wa kuume, fungua “Propriétés”. Ku “Partage” kuko ruhusa za wenye kutoka ku rezo. Ku “Sécurité” kuko ruhusa za dosye yenyewe. Zote mbili zinaangaliwa, na yenye ukali zaidi njo inashinda. Kama ku “Partage” umetoa “Contrôle total” lakini ku “Sécurité” konti “nyumba” haimo, mutu hataingia.

Kama umeme haupo

Ordinatere za mukononi ziko na batri, lakini ruta imezimika. Njia ziko mbili.

Ya kwanza ni kable ya rezo, ile yenye kichwa kama cha telefone ya zamani lakini pana zaidi. Shika upande mumoja ku mashini ya kwanza, upande wa pili ku ya pili, moja kwa moja. Zamani ilihitajika kable ya pekee. Mashini za leo zinajipanga zenyewe. Ngoja dakika moja. Zote zitajipa namba za 169.254, na hapa, tofauti na pale juu, si mubaya: hakuna ruta, na zote mbili ziko avenue moja. Kwa fishye kubwa, kable mara mingi inapita Wi-Fi kwa mbio. Lakini angalia: Windows inaweza kuhesabu kable hii kama rezo mupya ya “Public”.

Ya pili ni telefone. Washa “point d’accès” na uunganishe mashini zote mbili pale. Telefone mingi zinakubali hata data ikiwa imezimwa, na hivyo hakuna mega yenye kukwisha. Kama mashini hazionane, telefone yako inaweza kuwa na kizuizi, rudia kable.

Ikisha kufunguka, ujiulize: nani mwingine anaona?

Mu lupango moja ya Katuba, nyumba mbili ama tatu zinaweza kuwa ku Wi-Fi moja, wanachanga pesa ya forfe. Ni vizuri, ni kusaidiana. Lakini rezo yao ni moja. Ukigawa dosye kwa “Tout le monde”, na ukazima “Partage protégé par mot de passe” ili isisumbue, basi mupangaji wa nyuma na rafiki yake aliyepewa neno la siri la Wi-Fi jana, wote wanaweza kufungua. Kama umegawa disike yote ya C:, wanaona karatasi za benki, picha za watoto, na majibu ya hospitali.

Gawa dosye moja tu, yenye jina la wazi. Weka ndani yake kitu kile cha kugawa. Toa ruhusa ya kusoma, na ya kuandika kwa yule anayeihitaji. Na ukumbuke kwamba ukifuta fishye ku mashini ya mwenzako kupitia rezo, kwa kawaida haiende mu “Corbeille”. Inapotea. TFC ibaki na kopi yake mahali pengine.

Tumurudie kijana wetu. Barabara ilikuwako, namba ilikuwako. Ruta njo ilikuwa mupya, na mashini ya yaya ilikuwa imejihesabu kuwa iko sokoni. Walichagua “Privé” ku pande zote mbili, jina likaonekana, yaya akaandika neno la siri yeye mwenyewe. Kurasa za kwanza zilikuwa zimekwisha kutoka ku emprimante wakati SNEL ilikata tena.